Baraza la Nani? Uhakiki wa Kigezo cha Mamlaka Halisi katika Kurasa za Kijamii za Viongozi wa Umma nchini Marekani

Tarehe 15 Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili juu ya swali moja: kiongozi wa umma anapofuta maoni ya mwananchi, au anapomzuia asiufikie ukurasa wake katika mtandao wa kijamii, aliyetenda ni serikali au ni mtu binafsi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kuna kesi au hakuna, kwa kuwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya nchi hiyo huibana serikali peke yake. Mtu binafsi ana hiari ya kumwondoa amtakaye barazani kwake.

Kesi ya kwanza ilimhusu James Freed, meneja wa mji wa Port Huron, Michigan. Ukurasa wake wa Facebook aliufungua angali mwanafunzi. Marafiki walipokaribia kikomo cha 5,000 akaugeuza kuwa wa wazi, na alipoteuliwa mwaka 2014 akaongeza cheo chake na anwani ya tovuti ya mji. Humo picha za bintiye zilichanganyika na habari za mji, na wasomaji waliuliza hata iwapo wakazi wangeruhusiwa kufuga kuku. Mwaka 2020 mkazi mmoja alipolalamikia namna mji ulivyokabiliana na UVIKO-19, Freed alifuta maoni yake, kisha akamzuia. Kesi ya pili iliwahusu wajumbe wawili wa bodi ya shule za Poway, California, waliochaguliwa kwa kura. Hao waliwazuia wazazi wawili waliokuwa wakirudiarudia maoni yaleyale. Katika akaunti ya Twitter ya mjumbe mmoja, majibu 226 yanayofanana yalibandikwa kwa takriban dakika kumi.

Jaji Amy Coney Barrett, akiandika kwa niaba ya majaji wote, aliweka kigezo chenye masharti mawili. Kwanza, kiongozi awe na mamlaka halisi ya kuisemea serikali kuhusu jambo husika. Pili, awe alijidhihirisha kuwa anayatumia mamlaka hayo alipochapisha. Kwa hiyo mwonekano wa ukurasa, ambao Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliuegemea mwaka 2022 ilipowapa ushindi wazazi wa Poway, haukutosha tena.

Hoja inayokitetea kigezo hiki ina mashiko. Kiongozi hapotezi uhuru wake wa kusema kwa kuapishwa tu, na kuhukumu kwa mwonekano pekee kungemfanya kila diwani aliyeandika cheo chake chini ya picha ya harusi awe serikali inayozungumza.

Hata hivyo, udhaifu unajitokeza pale mamlaka hayo yanapotafutwa. Mahakama inaelekeza yatafutwe katika sheria, sheria ndogo, kanuni, desturi na mazoea. Mamlaka ya meya au meneja huenda yakaonekana humo bila taabu. Ya mjumbe mmoja wa bodi ni vigumu zaidi kuyaona, kwa sababu kwa kawaida mamlaka ya bodi ni ya bodi iliyoketi kikao, wala si ya mjumbe akiwa peke yake na simu yake. Matokeo yake ni ya kushangaza: aliyechaguliwa na wananchi anaweza kuwa na uhuru mpana zaidi wa kuwafungia nje wapiga kura wake kuliko mtumishi aliyeteuliwa. Aidha, halmashauri isiyoandika lolote kuhusu nani anaisemea huwaachia wajumbe wake kinga ambayo halmashauri iliyoandika kanuni imejinyima. Desturi inaweza kuziba pengo hilo, lakini desturi inayotakiwa ni ile iliyokita mizizi, nayo ni adimu kwa chombo kipya.

Mfano wa Barrett mwenyewe unadhihirisha tatizo. Mwenyekiti wa bodi ya shule akitangaza kikaoni kwamba masharti ya janga yameondolewa, amesema kama serikali; akiwaeleza habari hiyohiyo rafiki zake kwenye karamu ya nyama choma nyumbani, amesema kama rafiki. Mfano ni mzuri, ila ua wa nyumba una ukuta na wageni wake wamealikwa. Ukurasa wa wazi hauna ukuta. Kiswahili kina neno baraza kwa kibao cha mbele ya nyumba na pia kwa chombo cha utawala, na apitaye njiani hutambua ni lipi kwa kutazama nani anakaa na nini kinasemwa, si kwa kusoma hati ya nyumba. Kigezo kipya kinamtaka mwananchi asome hati kwanza.

Hukumu haikumwacha mwananchi mikono mitupu. Ilibainisha kwamba kufuta maoni hugusa chapisho moja, ilhali kumzuia mtu humtoa katika ukurasa mzima, yakiwemo machapisho ya kiserikali. Anayezuia kwa namna hiyo yumo hatarini zaidi. Lakini hukumu hiyohiyo inampa kiongozi njia rahisi ya kujikinga: akiandika kwamba maoni ni yake binafsi, dhana nzito inamwelekea, ingawa yaweza kukanushwa. Sentensi moja haigharimu chochote, na mwandishi wake ndiye mwenye maslahi nayo.

Kesi ya wazazi wa Poway, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilirudishwa Mahakama ya Rufaa ipimwe upya kwa kigezo ambacho hakikuwepo walipozuiwa.