Muziki Ufe Kwanza

Mwenye boti ya kukodisha hapa Mwanza anajua kwamba bila muziki, watu wa sherehe watakwenda kwa jirani yake. Basi anafunga redio ya gari, amplifaya, spika mbili ubavuni na besi moja chini ya kiti, kisha anapita mbele ya Bismarck Rock singeli ikitingisha mbao. Umeme unatoka wapi, hilo huulizwa baadaye, nahodha akishabonyeza stata na mashine ikajibu "tik" basi.

Ninayetaka kumsifu ni fundi wa umeme wa boti, yule unayemkuta mwaloni Kirumba au Igombe na testa mfukoni. Mpaka rangi ana jina kubwa kuliko yeye, kwa sababu kazi ya mpaka rangi inaonekana. Ya huyu imefukiwa chini ya sakafu. Lakini yeye ndiye anayepanga kipi kiishiwe umeme kwanza, na jibu lake ni moja siku zote: muziki ufe, mashine iwake.

Huanza kwa kudai betri ya pili. Betri ya kuwashia ina pleti nyingi nyembamba; imeumbwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha, haidumu. Ya muziki inatakiwa iwe na pleti nene, kama zile za sola. Betri hizo ukanda huu unazijua, maana wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai za mafuta ya taa wakahamia taa za betri, na huzichaji mchana ili ziwake gizani.

Ugumu uko kwenye kuzijaza zote mbili kwa mashine moja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mashine ikinguruma volti hupanda, na zikifika kama 13.3 rilei aliyoifunga fundi kati ya betri inaziunganisha. Mashine ikizimwa na volti zikashuka chini ya 12.8, rilei inaachia, na kuanzia hapo muziki unakula cha kwake. Wapo wanaofunga dayodi. Inafanya kazi, ila inameza zaidi ya nusu volti njiani na betri haishibi. Wapo pia wa swichi ya mkono, wanaomtegemea nahodha akumbuke kuigeuza. Nahodha mwenyewe wakati huo anacheza.

Hata rilei haiumbi umeme. Mashine ndogo huchaji ampea chache tu, wakati amplifaya inayokula wati 200 za kweli inavuta zaidi ya ampea 16. Kwa hiyo fundi makini ataomba paneli ya sola juu ya turubai, na mwenye boti ataanza kulia bei. Mwenye mashine ya kuvuta kamba anaweza kucheka, maana yake haingoji betri ili iwake. Wengine wakumbuke kwamba usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na mawingu ya radi hujijenga huko mpaka alfajiri. Boti iliyokesha na ngoma huko visiwani huhitaji stata yake saa hizo hizo.

Mimi hupenda kumtazama akifika kwenye waya wa njano wa redio. Huo hutunza kumbukumbu ya stesheni, na hunyonya kidogo kidogo hata redio ikiwa imezimwa. Fundi wa haraka huutwisha betri ya mashine. Boti ikikaa wiki kadhaa bila safari, lawama inamwendea muuza betri. Huyu wangu anaupeleka kwenye betri ya muziki, na fyuzi anaiweka kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka kiungue kitu cha bei ndogo, si boti.

Akimaliza haombi hela. Anazima mashine, anasubiri rilei iachie, anafungulia muziki mpaka mwisho, kisha anaweka testa kwenye betri ya kuwashia. Namba isitikisike hata besi ikidunda vipi. Ikitikisika, kuna waya umechepuka mahali. Mwenye boti ameshatoa pochi, abiria wake wanapiga simu, na fundi ameinama tena anang'oa mbao.