Pongezi kwa Walinzi wa Longwood
Katika mji mdogo wa Natchez, jimboni Mississippi, nchini Marekani, imesimama Longwood, nyumba ya pembe nane yenye kuba kubwa la mtindo wa Mashariki, ambalo mtu wa pwani yetu angelidhani limepotea njia, nyumba ambayo tajiri wa pamba Haller Nutt aliamuru ijengwe mwaka 1860 kwa ramani ya Samuel Sloan wa Philadelphia. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilipozuka mwaka 1861, mafundi wa Kaskazini wakarejea makwao, na kati ya vyumba 32 vilivyokusudiwa vikakamilika 9 tu vya orofa ya chini, navyo kwa mikono ya watumwa. Nutt alifariki mwaka 1864. Ahali zake wakaishi humo humo.

Shukrani ziwaendee mabibi wa chama cha Pilgrimage Garden Club, wamiliki wa nyumba hiyo tangu 1970, kwa kuiacha bila kuikamilisha, hata mgeni apandaye juu akakuta matofali matupu, akatambua kwa macho yake jinsi fahari ile ilivyotegemea jasho lisilolipwa ujira. Nasi twawasihi wazidi kuwataja watumwa wale kwa taadhima ile ile apewayo bwana wao.