Yambwa Haina Kazi Katika Programu

Majuzi nilitumiwa muswada wa kufundishia Python kwa Kiswahili. Nilifurahi, ila kufika ukurasa wa pili nikashtuka. Mfasiri anaita kitu cha programu 'yambwa'. Jamani! Yambwa ni ya sarufi, ndiyo inayotendwa. Kitu cha programu hubeba sifa zake na kutenda chenyewe. 'Kitu' lingetosha.

'Ngeli', alivyoiita klasi, lilinipendeza. Tangu Dahl na Nygaard waunde Simula 67 kule Norway, klasi ni kielelezo cha kuundia vitu, na msomaji wetu anajua jinsi ngeli inavyotawala upatanisho wa nomino zake zote.

Kilichonikera hasa ni 'sifa'. Anasema tu 'sifa ya mwanafunzi', bila kutenga sifa ya ngeli nzima na ya mwanafunzi mmoja. Katika Python tofauti hiyo huuma. Orodha tupu ya alama ikifafanuliwa kwenye ngeli, wanafunzi wote hutumia orodha hiyo moja: mwongezee Atieno 78, na Baraka naye anaonekana ana 78! Ikifafanuliwa ndani ya kiundaji, pale kila kitu kinapoanza kuwapo, kila mmoja ana yake. Mfano wa muswada una kosa hilohilo, na sidhani mfasiri aliliona, maana una mwanafunzi mmoja tu.

Nimemshauri aandike 'sifa ya ngeli' na 'sifa ya kitu', kisha amwingize mwanafunzi wa pili kwenye mfano wake.