Rangi za Meli: Kanuni Hupima Ndoo, Kazi Iko Kwenye Bamba

Kiwanda cha magari hupaka rangi ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuke wa viyeyusho hufyonzwa kwa feni na unaweza kuchomwa kabla haujatoka nje. Meli haina chumba cha namna hiyo. Ubavu wake wenye urefu wa mita mia mbili hupakwa rangi ukiwa wazi chelezoni, upepo ukipita, na kila gramu ya kiyeyusho inayokauka huishia angani, ambako hukutana na oksidi za naitrojeni na mwanga wa jua na kuzalisha ozoni ya karibu na ardhi. Ndiyo sababu Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilipotoa Desemba 1995 kanuni ya kitaifa kwa viwanda vya kujenga na kukarabati meli, halikutegemea mabomba na vichujio. Lilipima rangi yenyewe. Rangi ya matumizi ya kawaida isizidi gramu 340 za viyeyusho vyenye sumu kwa lita, ya kuzuia viumbe kuota chini ya meli gramu 400, na ya msingi inayoweza kuchomelewa juu yake gramu 650. Waliobanwa ni wakubwa tu, wenye uwezo wa kutoa tani 10 kwa mwaka za kemikali moja kati ya zile zilizoorodheshwa, au tani 25 za zote kwa pamoja, na walipewa hadi Desemba 1997 kujipanga.

Kanuni ya namna hii ni rahisi kuidhani kuwa jambo la idara ya ununuzi: badilisha lebo kwenye ndoo, mambo yamekwisha. Nadhani huko ndiko viwanda vingi vilikojikwaa, kwa sababu kiyeyusho kilikuwa kinafanya kazi. Kilikuwa kinalainisha rangi ili ipulizike, kinaisaidia kupenya kwenye kona, na kinampa fundi muda. Ukikipunguza, kazi hiyo lazima ifanywe na kitu kingine, nacho kina gharama yake.

Tuanze na faida, maana ni ya kweli. Chukua mita za mraba 1,000 za bamba zinazohitaji unene wa maikroni 250 baada ya kukauka. Tuweke kando upotevu. Hapo zinahitajika lita 250 za yabisi, yaani ile sehemu ya rangi inayobaki. Rangi ya zamani yenye nusu yabisi na nusu kiyeyusho itatumika lita 500, na nusu yake, takriban kilo 217, itapotelea hewani. Rangi yenye asilimia 80 ya yabisi itatumika lita zipatazo 313 na kutoa kilo 54 hivi. Hata fundi akishindwa kuidhibiti na kuweka maikroni 400 badala ya 250, hewani zitakwenda kilo 87, bado chini ya nusu ya zile za mwanzo. Kwa hiyo wanaosema kwamba rangi nzito hupakwa kwa unene wa kupindukia, na hivyo faida yote hupotea, wana hoja kuhusu bili ya rangi. Kuhusu hewa hawana.

Ugumu huanza bunduki ya kupulizia rangi inapofunguliwa. Rangi yenye yabisi nyingi ni nzito kama uji uliolala. Pampu ambayo jana ilitosha leo inatema vipande badala ya ukungu, na inabidi kuongeza shinikizo, kubadili pua ya bunduki au kuipasha rangi joto. Ikiwa ni epoksi ya vijenzi viwili, muda wa kuitumia baada ya kuchanganywa ni mfupi, na kwa kawaida hupungua karibu nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Hapo mkono wa fundi unaifuata thina, kiyeyusho cha kulainishia rangi. Tuseme ndoo ya lita 20 imefika ikiwa na gramu 340 kamili kwa lita. Lita mbili tu za thina, zenye uzito wa gramu 870 kila moja, zinaipandisha hadi gramu 388. Ndoo ilikuwa halali dukani na imekuwa haramu chelezoni, kwa kuwa kanuni inahesabu rangi jinsi inavyopakwa, wala si jinsi ilivyotoka kiwandani. Sehemu hii ndiyo inayoipa kanuni meno. Kumbukumbu za thina zinafichua mengi kuliko ankara za rangi.

Wakosoaji wana hoja nzito zaidi: rangi isiyopenya vizuri itabanduka mapema, meli itarudi chelezoni, na itapakwa tena. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama rangi za meli zingekuwa zinakufa hasa kwa kukosa kiyeyusho. Mara nyingi zinakufa kwa chumvi iliyobaki kwenye chuma, kutu iliyofunikwa, kingo kali zisizoshika rangi, na umande. Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, cha mwaka 2006 kwa matangi ya farumi, kinacholenga kinga ya miaka 15, kinajishughulisha na mambo hayo hayo. Chumvi isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba, kingo zisagwe ziwe mviringo, joto la bamba lizidi la umande kwa nyuzi 3, kingo na maungio ya kuchomelea yapakwe kwa brashi, na unene ufike maikroni 320. Katika tangi lililofungwa, kiyeyusho kingi ni adui, kwani hunaswa chini ya utando wa rangi na kuleta malengelenge, na mvuke wake unaweza kulipuka. Baridi nayo ni kikwazo halisi, lakini kanuni imeikiri: chini ya nyuzi 4.5 kuna viwango vilivyolegezwa.

Hoja moja sioni jibu lake ndani ya kanuni. Ili epoksi iwe nyepesi bila kiyeyusho, watengenezaji hutumia resini zenye molekuli ndogo, na hizo ndizo zinazoamsha mzio wa ngozi kwa urahisi zaidi. Fundi akishaupata, anaweza kubaki nao maisha yake yote. Hewa ya mji imepata nafuu, na sehemu ya hatari imehamia mikononi mwa mpiga rangi, eneo ambalo kanuni ya hewa haina mamlaka nalo.

Kwa chelezo za Mombasa au Mwanza somo ni la vitendo, hata kama kanuni hiyo ya Marekani haiwahusu. Rangi ya yabisi nyingi ikipakwa penye joto la nyuzi 32, muda wa matumizi uliochapishwa kwenye lebo kwa nyuzi 20 haupo tena. Kabla ya kuagiza ndoo ya kwanza, nunua pampu yenye nguvu ya kutosha, kipimo cha umande na glavu zinazohimili epoksi, kisha weka kufuli kwenye stoo ya thina.