Sanamu ya Askari na Wapagazi Wake

Mtu atokaye kwetu Nyamisati akifika Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, humkuta mtu wa shaba juu ya jiwe. Amesimama hapo tangu mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe, naye aielekeza upande wa bandari. Magari humzunguka mchana kutwa; yeye hapumui, wala haimalizi hatua aliyoianza. Mgeni amwonaye ghafula usiku hushtuka, maana umbo ni la mtu hai, na kimya chake ni cha maiti.

Twamsifu fundi wake, Mwingereza James Alexander Stevenson, kwa kuwa hakumtukuza jemadari. Kabla ya hapo mji ulikuwa na sanamu ya gavana Mdachi, Wissmann, iliyosimamishwa mwaka 1909, na askari Mwafrika aliwekwa chini, miguuni pa bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Basi askari amepandishwa juu, na hilo ni jambo jema.

Lakini twauliza, chini yake sasa yuko nani? Wako wapagazi. Wametajwa katika maandishi ya jiwe, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Walakini juu hawapo. Huko Nairobi fundi yuleyule alisimamisha watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Kwa nini asiwepo hapa?

Watu wa Rufiji wana haki ya kuuliza hivyo. Manowari ya Kidachi, Königsberg, iliangamia katika delta yetu mwezi wa Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa maelfu, na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara.

Kwa hiyo twaona kwamba kitishacho katika sanamu hii si singe, ila upweke. Hakuna askari aliyekwenda vitani bila mtu wa kumchukulia chakula na risasi.

Wapagazi wamebakiwa na jina: Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Wasomaji, mnapowaonyesha watoto wenu yule Askari, wapelekeni na Kariakoo, mkawaeleze jina lile maana yake.