Robert Levin na nafasi tupu za Mozart

Karibu na mwisho wa muvimenti ya kwanza ya konseto ya piano ya Mozart, okestra nzima husimama ghafla juu ya kordi isiyotulia, noti ya tano ikiwa kwenye besi. Hapo mpiga piano huachiwa uwanja atoe kadenza, yaani sehemu anayopiga peke yake. Konseto Namba 20, ya D maina, ilipigwa mara ya kwanza Vienna, Februari 1785, Mozart akiwa kwenye piano. Kadenza zake hazikubaki. Wengi leo hupiga ile aliyoiandika Beethoven. Mmarekani Robert Levin hubuni yake papo kwa papo, mbele ya watu.

Anawezaje? Sikiliza rekodi za konseto za Mozart alizoanza miaka ya 1990 na Academy of Ancient Music, chini ya Christopher Hogwood. Levin anaijua njia kabla hajaianza. Kordi ya kuanzia inadai kufika kwenye kordi ya tano, na kadenza yote ni kuchelewesha ufikaji huo. Huchukua tuni iliyokwisha kusikika, huikata, kipande kimoja hukirudia kikishuka ngazi baada ya ngazi. Hugusa funguo nyingine bila kutua humo, kwa kuwa hata Mozart, katika kadenza alizoziandika, hakutua. Kadenza nyingi za karne ya 19 zilivuka mpaka huo, ndiyo maana hupwaya ndani ya konseto hizi hata zikiwa na ufundi mkubwa.

Kisha trilo: noti mbili jirani zinapokezana kwa kasi juu ya kordi ya tano. Okestra, ambayo haikujua atachukua muda gani, hutambua ishara hiyo na kuingia.

Wapo wanaosema heshima kwa Mozart ni kupiga kilichoandikwa tu. Basi waitazame Konseto Namba 26. Katika mswada wake Mozart aliacha sehemu nyingi za mkono wa kushoto bila noti, muvimenti ya pili yote ikiwemo. Tunazozisikia leo zilijazwa na mtu mwingine kwa ajili ya chapa ya 1794, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mozart alijiachia nafasi hizo kwa sababu mpigaji alikuwa yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu, Levin anayezijaza upya ndiye aliye karibu zaidi na mtunzi.