Kanda za Nyumbani na Usafishaji wa Sauti Zake

Familia nyingi za kwetu zilizoko Maskati, Dubai na London zimeanza kuzitoa kanda za VHS makabatini na kuzihamishia kwenye kompyuta. Ni jambo la kushukuriwa, kwani kanda zinachakaa na mashine za kuzichezesha zinaadimika. Tunalotaka kulizungumza hapa ni hatua inayofuata, nayo ni kusafisha sauti. Tumesikiliza kiasi cha kutosha cha kanda hizi, kabla na baada ya kusafishwa, na tunaona kazi hii inastahiki kuhakikiwa kama kazi nyengine yoyote ya tarehe.

Kwanza tuuelewe ubovu wenyewe. Kamera za nyumbani za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na maikrofoni juu ya kamera yenyewe. Mzee amekaa upande wa pili wa majlisi, na aliye karibu na maikrofoni ni mpiga picha. Ndiyo maana mnong'ono wa kijana aliyeshika kamera unanguruma, na maneno ya babu yake yanatoka kama chini ya kisima. Tena kamera ilikuwa ikipandisha na kushusha sauti yenyewe. Watu wakinyamaza, inapandisha, na uvumi wa kiyoyozi unapanda nayo. Vigelegele vikipigwa, inashusha, na maneno yanayofuata yanazama. Juu ya hayo, katika VHS za kawaida sauti iliandikwa kwenye mstari mwembamba ukingoni mwa kanda, na kanda za mfumo wa PAL zilikwenda polepole, sentimita 2 na ushei kwa sekunde, wakati kaseti ya sauti huenda sentimita 4.76. Ule mchirizo wa "shhh" ni wa kanda yenyewe, na ukiipandisha sauti ya mzee unaupandisha na huo pamoja.

Kuna usafishaji tunaousifu bila ya kusita. Mvumo wa umeme, ambao Oman na Uingereza ni wa hezi 50, hukatwa kwa wembamba pamoja na ndugu zake wa 100 na 150, na msemaji haguswi sana. Kusafisha kichwa cha mashine na kukiweka sawa na kanda kabla ya kuhamisha kunaleta faida ambayo baadaye hakuna programu itakayoirudisha. Ajabu ni kuwa hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, maana haionekani kwenye skrini.

Shida inaanzia kwenye kufuta kelele. Programu huonyeshwa kipande cha kanda ambacho hakuna anayesema, ikajifunza kelele ilivyo, kisha ikaitoa katika kanda nzima. Ikitumika kwa kiasi, ni msaada mkubwa. Ikizidishwa, msemaji anakuwa kama yumo ndani ya maji, na nyuma yake husikika vilio vidogo kama vya ndege ambavyo havikuwamo chumbani. Sauti zinazotangulia kuliwa ni zile nyepesi: s, f, th, h, na pumzi. Kwa msemaji wa Kimvita hasara hii si ndogo, kwani tofauti ya paa la nyumba na paa mnyama imo katika pumzi ya ile p. Kanda iliyosafishwa hivyo haimfai tena mtafiti wa lahaja, hata ikimpendeza msikilizaji.

Lililotusukuma kuandika, hata hivyo, ni zile programu mpya zinazochagua sauti ya mtu mmoja na kufuta nyengine zote. Tuliletewa kanda ya mzee mmoja, tunaacha jina lake na la familia yake, akieleza namna jamaa zake walivyoondoka Unguja baada ya Januari 1964 na walivyokuja kukutana Oman baada ya 1970. Nakala iliyosafishwa inavutia kweli. Utadhani yumo studio. Katikati ya maelezo anasema walifikia Dar es Salaam, ananyamaza, kisha anasema, "Naam, Mombasa." Anayeandika maneno yake atadhani mzee amejichanganya, au amebadilisha kauli. Tukaomba kanda ya asili. Humo, kutoka chumba cha ndani, inasikika kwa mbali sauti ya mkewe ikimsahihisha: Mombasa kwanza. Programu imemhesabu bibi kuwa kelele.

Wajukuu nao wamefutwa. Katika asili wanamuuliza babu kwa Kiarabu naye anawajibu kwa Kiswahili, na atakayeandika tarehe ya lugha ya jamii yetu katika Ghuba hatapata ushahidi ulio wazi kuliko huo. Imefutwa pia adhana ya magharibi, ambayo ingetuonyesha saa ya mazungumzo kwa uhakika zaidi kuliko ile saa ya pembeni mwa picha, ambayo mara nyingi haikuwekwa sawa.

Waliosoma tahkiki ya miswada ya Kiarabu watalitambua kosa hili. Muhakkiki haibadilishi matini kimyakimya. Neno likiliwa na mchwa huacha nafasi, na dhana yake huiweka katika hashiya; tena hueleza nakala aliyoitumia imetoka wapi. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, nayo inataka nakala ya hifadhi ihamishwe bila ya kusafishwa, kwa biti 24 na kilohezi 48 angalau. Usafishaji ufanywe kwenye nakala nyengine, na iandikwe kilichofanywa.

Tumejibiwa na baadhi ya familia kwamba wao si watafiti, wanataka tu watoto wamsikie babu yao. Hatuna ugomvi na hilo. Nakala ya sebuleni isafishwe wapendavyo, maadamu ile ya kwanza haifutwi ili kupata nafasi kwenye diski, jambo ambalo tumeliona zaidi ya mara moja. Na pale maneno yalipofifia sana, tunapendelea kalamu kuliko programu: akae mtu aliyeizoea sauti ile, avae spika za masikioni, aandike anachokisikia na aweke alama pale asipokuwa na hakika. Sikio la mke wa miaka hamsini hufahamu nusu ya neno. Watu hao wanapungua kila mwaka.

Bibi wa kanda ile yu hai, na ameshaanza kazi hiyo pamoja na mjukuu wake. Yamebaki maneno mawili aliyoyasema mwenyewe kutoka chumba cha ndani ambayo hata yeye hayatambui, na kanda imepelekwa kuhamishwa upya kwa mashine iliyosafishwa kichwa.